Kebo za betri na ethi kwenye gari kuukuu la porini: pima kwanza, ndipo ununue

Land Cruiser mkonga, Defender au Patrol ya miaka ya 90 ikianza kupiga stata kwa uzito, lawama ya kwanza huiangukia betri. "Bosi, hii betri imekufa," atasema fundi, na kesho yake uko Kariakoo unanunua mpya. Gari litawaka vizuri wiki mbili tatu, kisha uzito unarudi. Lawama inahamia kwenye stata: inafunguliwa, inawekwa kaboni mpya na bushi mpya, inarudishwa. Nafuu kidogo, halafu yale yale. Mara nyingi mkosaji mwenyewe hajaguswa. Ni kebo iliyoliwa ndani ya ganda lake, au ni ethi, ile njia ya kuurudisha umeme kwenye betri, ambayo hakuna anayeitazama kwa sababu ni waya mmoja mweusi uliojificha chini ya tope na mafuta.

Dar es Salaam huharakisha maradhi haya. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Magari yanapanda pantoni kwenda Kigamboni, yanapita kwenye madimbwi masika ikikolea, na wapo wanaoyashusha kabisa mpaka mchangani ufukweni. Shaba ikikutana na chumvi na maji huota unga wa kijani, na unga huo hutambaa ndani ya ganda la kebo mahali ambapo jicho halifiki. Kwa nje kebo inaonekana nzima.

Umeme unapitia wapi

Umeme hutoka nguzo ya chanya, hupita kebo nene hadi kwenye stata, huzungusha stata, kisha unatakiwa urudi nguzo ya hasi. Unarudi kupitia bodi ya stata, bloku ya injini, na kebo ya hasi. Kila ampea iliyokwenda lazima irudi. Kwa hiyo kununua kebo nene ya chanya na kuacha hasi ya zamani ni kazi nusu, na ndiyo nusu inayofanywa gereji nyingi.

Jambo la pili: injini imekaa juu ya raba, na bodi ya gari nayo imekaa juu ya raba zake kwenye chesisi. Raba haipitishi umeme. Vitu vitatu hivi, yaani injini, chesisi na bodi, vinashikana kiumeme kwa zile kamba za ethi tu. Ikikatika ile ya injini, umeme wa stata hautakata tamaa. Utatafuta njia nyingine ya kurudi, kupitia kebo ya klachi, kebo ya mafuta, hata beringi za gia. Ukiona kebo ya mafuta imeungua ganda au inanata bila sababu kwenye gari kuukuu, anza kwa kutazama ethi ya injini.

Taa za nyuma zinazofifia ukikanyaga breki, indiketa inayowaka pamoja na taa ya breki, geji ya joto inayopanda ukiwasha taa kubwa: hizo nazo ni dalili za ethi mbovu ya bodi, wala si za balbu.

Hesabu betri zako kabla ya kugusa kitu

Baadhi ya Land Cruiser zilizotoka Japani ni za volti 24 gari zima, betri mbili zimeunganishwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Nyingine ni za volti 12 kila mahali isipokuwa stata, ambayo ni ya 24: rilei kubwa huziunganisha betri mfululizo wakati wa kupiga stata tu, kisha huzirudisha sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Kwenye gari la aina hii, hasi ya betri ya pili haitakiwi kufungwa moja kwa moja kwenye bodi. Ukiifunga, ukigeuza ufunguo tu, betri ya kwanza inapiga shoti kamili. Kama gari lako lina betri mbili na huna uhakika ni mfumo upi, soma kibandiko cha stata na ufuatilie waya mmoja mmoja. Maelezo yanayofuata ni ya volti 12 ya kawaida.

Kupima

Unahitaji mita ya kawaida ya fundi umeme, iliyowekwa kwenye volti za DC, skeli ya 20, na mtu wa kukugeuzia ufunguo. Usitumie skeli ya omu, ile ya kupima ukinzani, kupima kebo nene. Kebo iliyobaki nyuzi tano kati ya mia tatu itaonyesha kwenye omu kuwa ni nzima, kwa sababu mita inapitisha umeme kiduchu sana. Kebo hupimwa ikiwa imebeba mzigo.

Anza na betri yenyewe, gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 na kuendelea, imejaa. 12.4, imebaki kama robo tatu. Ikikaribia 12.0, ichaji kwanza, maana vipimo vya betri tupu vitakudanganya.

Halafu lizuie gari lisiwake. Kwenye dizeli yenye solenoidi ya kuzimia kwenye pampu, chomoa waya wake. Kwenye petroli, chomoa waya unaolisha koili. Gia iwe huru na hendibreki juu. Sasa gari litapiga stata bila kuwaka. Usipige zaidi ya sekunde tano kwa mkupuo, na uiache stata ipumzike kati ya kipimo na kipimo.

Weka ncha nyekundu ya mita kwenye nguzo ya chanya ya betri, risasi yenyewe, usiguse taminali, kile kishikio cha kebo kilichoivaa. Ncha nyeusi iguse bolti kubwa ya stata inakoingia kebo. Mwenzako apige stata. Mita inakuonyesha volti zinazopotea njiani upande wa chanya. Zikiwa 0.2 au 0.3, kebo ni nzima. Zikifika 0.5, kebo au viungo vyake vimechoka.

Kisha upande unaosahaulika: ncha moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye bodi ya stata, mahali penye chuma kitupu. Piga. Hapa 0.2 inatosha. Magari mengi kuukuu hapa husoma 0.6, 0.8, hata volti nzima, na hiyo ni volti ambayo stata haikuiona.

Ukikuta upotevu mkubwa, usikimbilie kununua. Sogeza ncha hatua kwa hatua: kutoka nguzo hadi taminali, kutoka taminali hadi kebo, kutoka kebo hadi kichwa chake cha pili, kutoka kichwa hadi bloku. Pale namba inaporuka ndipo ugonjwa ulipo. Mara nyingine dawa yote ni msasa na spana ya kumi.

Malizia na vipimo viwili vyepesi. Washa taa zote na feni, kisha pima kati ya nguzo ya hasi na chuma kitupu cha bodi: isizidi 0.1 kwa wingi. Halafu rudisha waya uliochomoa, washa injini, taa zikiwa bado zinawaka, upime kati ya bolti ya nyuma ya oltaneta na nguzo ya chanya. Zaidi ya 0.3, waya wa oltaneta ni mwembamba au umechoka, na betri yako haichajiwi inavyostahili hata kama oltaneta ni mpya.

Andika namba zote. Utazihitaji baadaye.

Na kuna desturi moja ya gereji za mtaani ya kuikataa waziwazi: kuchomoa taminali ya betri injini ikiwaka, eti kupima kama oltaneta inachaji. Betri ikiondoka ghafla, volti za oltaneta huruka juu na zinaweza kuua daiodi zake, redio, na kompyuta ya gari kama ipo. Mita inakupa jibu hilo hilo bila hasara: injini ikiwaka, nguzo za betri zisome kati ya 13.8 na 14.4.

Unene wa kebo

Unene hutajwa kwa mm², yaani eneo la shaba ukiikata kebo. Mita moja ya shaba safi ya mm² 16 ina ukinzani wa kama miliomu 1.1 (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu). Ya mm² 35 ina karibu 0.5. Ya 50, karibu 0.35. Ya 70, 0.25. Namba ndogo hizi, lakini stata si kitu kidogo. Dizeli ya silinda sita kama 1HZ ya lita 4.2 inapoanza kuzunguka hunyonya ampea mia tatu bila aibu. Chukua ampea 300, na mita mbili za kebo, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kwa mm² 16 unapoteza zaidi ya volti 0.6 kwenye shaba peke yake, kabla ya viungo. Kwa 35 ni kama 0.3. Kwa 50 ni 0.2. Kwa 70 ni 0.15.

Ushauri wangu: petroli ndogo, mfano Suzuki au RAV4 ya zamani, 25 au 35. Dizeli ya silinda nne, 35 hadi 50. Dizeli ya silinda sita, 50, na 70 kama betri iko mbali na stata. Zaidi ya hapo unanunua uzito na ugumu wa kukunja. Hasi iwe nene sawasawa na chanya. Winchi ina kebo zake zenyewe na zirudi moja kwa moja kwenye betri. Usiitegemeze kwenye bampa.

Kununua bila kupigwa

Kebo huuzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya umeme na hadiwea Kariakoo, upande wa Gerezani ukiwemo. Omba kebo laini ya shaba yenye nyuzi nyingi nyembamba. Kebo ya mashine ya kuchomelea inafaa sana kwa sababu inajikunja, na injini inatikisika. Ile ya nyuzi chache nene ya kufungia umeme wa nyumba iache. Itapasuka kwa mtikisiko.

Hatari kubwa ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwa macho ni shaba tupu, lakini aluminiamu hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, na kwenye chumvi ya hapa inageuka unga upesi. Mwombe muuzaji akuonyeshe ncha iliyokatwa, vuta uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, mrudishie na uage kwa heshima. Uzito nao hausemi uongo: shika mita ya kila moja mkononi, ya shaba inavuta mkono chini. Wala usichague kwa unene wa nje. Zipo kebo za ganda nene lenye nyuzi chache katikati. Maandishi ya mm² yaliyopigwa kwenye ganda yasome, kisha tazama ncha ukaone kama yanafanana na kilichomo.

Kabla ya kwenda dukani pima urefu kwa kamba ya katani, ukiipitisha njia ile ile kebo itakayopita, na uongeze kama sentimita kumi za ulegevu. Kwa jicho utakosea.

Lagi, yaani vile vichwa vya shaba vya kebo, ziwe za bomba zima zilizopakwa bati. Huandikwa namba mbili: 35-8 maana yake kebo ya mm² 35, tundu la bolti ya milimita 8. Stata nyingi zinataka tundu la 8 au 10, basi pima bolti zako kwanza. Lagi yenye tundu kubwa kuliko bolti inashika kwa ukingo tu.

Taminali za betri ndizo zinazodharauliwa. Betri za Kijapani huja na nguzo nene au nyembamba, na mtu akibadilisha aina ya betri taminali ya zamani inapwaya. Utaikuta imejazwa kipande cha bati la kopo, au msumari umepigiliwa kati ya nguzo na taminali. Bati hilo linashika kwa mistari miwili mitatu, linapata moto, na nguzo inayeyuka kidogo kidogo upande mmoja. Nunua taminali ya saizi sahihi, ya shaba nyeupe au risasi nzito, yenye bolti ya kufungia lagi. Zile nyepesi kama karatasi, zinazopinda ukikaza, hazistahili hata kubebwa.

Kubana lagi

Hapa ndipo kazi nzima inaposimama au kuanguka, kwa hiyo usiharakishe.

Menya ganda urefu wa shimo la lagi na milimita mbili za ziada. Kata kwa kuzungusha kisu taratibu, kisiguse nyuzi. Kila uzi uliokatwa ni unene uliolipia na kuutupa. Tazama rangi: shaba mpya inang'aa wekundu. Kama imekuwa nyeusi au kijani, rudi nyuma mpaka uikute nyekundu. Kabla ya kuvisha lagi, pitisha kwanza kipande cha mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Ukisahau, hutaupitisha tena baada ya kubana.

Kubana kunataka preseni ya haidroli yenye meno ya pembe sita. Huna haja ya kuinunua. Maduka kadhaa ya kebo wanayo, au mtafute fundi anayefunga sola na majenereta, umpelekee kebo na lagi na umlipe kwa kichwa. Kila lagi ibanwe mara mbili, kuanzia upande wa tundu la bolti kurudi kwenye kebo. Kisha ishike kwa koleo na uizungushe kwa nguvu zako zote. Ikicheza hata kidogo, kata, anza upya.

Nyundo na patasi ndiyo njia ya mtaani, na kwa nje inaonekana imebana. Ukiikata lagi ya aina hiyo kwa msumeno utaona nafasi tupu kati ya nyuzi, na maji ya chumvi hupenda nafasi tupu. Kulehemu kwa risasi nako kuna watetezi wake. Tatizo ni kwamba risasi hunyonywa juu ya nyuzi hadi ndani ya ganda, sehemu hiyo inakuwa ngumu kama kijiti, na kwenye barabara ya mawe kebo inakatikia pale pale ugumu unapoishia. Mimi nasimama na preseni.

Ukimaliza, sinyaza mpira kwa moto mpaka gundi itokeze pembeni. Gundi hiyo ndiyo kizibo chako dhidi ya bahari.

Kufungua na kufunga

Vua saa na pete. Usivute sigara karibu na betri, kwani inatoa hewa inayolipuka. Fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza na hasi mwisho. Sababu ni spana: ukiwa unalegeza chanya na hasi bado imefungwa, spana ikigusa bodi ni shoti. Unga mweupe kwenye nguzo uoshe kwa maji ya moto yenye baking soda, usuuze, ukaushe.

Kwenye chanya ya Toyota nyingi kuukuu utakuta kipande cha waya mwembamba au kisanduku kidogo kilichoshikana na taminali. Hiyo ni fyuzi kuu ya gari. Fundi mwenye haraka huiruka na kuunganisha moja kwa moja. Irudishe ilivyokuwa. Waya wa oltaneta ukiuongeza unene, mm² 16 hadi 25 kwa kawaida, nao uwe na fyuzi karibu na betri.

Kebo ya stata kwa desturi haina fyuzi, kwa hiyo ulinzi wake ni njia inayopita. Iwe mbali na eksozi, isilale juu ya ukingo wa chuma, ifungwe kwa klampu kila baada ya sentimita 20 au 30. Ivalishe bomba la plastiki la makunyanzi. Bomba la bustani linalotumiwa sana mtaani lina kasoro: linashika maji ndani, na karibu na joto linayeyuka. Acha ulegevu kati ya chesisi na injini.

Ethi zako ni nne. Ya kwanza na nene kuliko zote: nguzo ya hasi hadi bloku, kwenye bolti iliyo karibu na stata, au bolti mojawapo inayoshika stata yenyewe. Ya pili: hasi hadi chesisi, mm² 25 au zaidi. Ya tatu: injini hadi bodi, kwenye ukuta wa mbele ya dashibodi, kamba bapa ya shaba ya kusuka inafaa hapa. Ya nne: bodi hadi chesisi upande wa nyuma, 16 inatosha, na ndiyo itakayorudisha uhai wa taa za nyuma.

Kila mahali pa ethi, kwangua rangi na kutu kwa msasa au brashi ya waya mpaka chuma king'ae, duara kubwa kidogo kuliko lagi. Lagi ikae juu ya chuma kitupu, washa (kile kipete bapa cha chuma) ikae juu ya lagi, kisha bolti. Washa ikikaa kati ya lagi na chuma, umeshaweka kizuizi kwa mkono wako. Lagi zikiwa nyingi kwenye bolti moja, nene iwe chini kabisa. Kaza, kisha ndipo upake mafuta ya mgando au grisi juu ya yote, na rangi pembeni ulipokwangua. Mafuta hupakwa baada ya kukaza ili kuzuia hewa na maji.

Kupima tena

Rudia vipimo vyote, namba mpya kando ya za zamani. Upande wa hasi ukishuka kutoka 0.8 hadi 0.15, utausikia kwa masikio kabla ya kuuona kwenye mita. Kama upotevu pande zote ni mdogo, betri imejaa, inabaki juu ya volti 9.6 wakati wa kupiga, na bado stata inazunguka kwa kujikokota, hapo ndipo ifunguliwe. Mpe fundi namba zako. Atajua anatafuta nini.

Baada ya wiki moja ya barabara mbovu, kaza tena taminali, kwa sababu risasi ni laini na hulegea ikishajikalia. Kisha kagua mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili kabla ya masika na tena masika ikiisha. Gari likizama kwenye maji ya chumvi, lisisubiri ratiba: suuza kwa maji baridi siku hiyo hiyo, likikauka fungua ethi ya chesisi na ya nyuma, safisha, paka mafuta upya.